Sufuria ya Tano

Salhina wa Mtambwe kaja na kompyuta,
kaiweka juu ya meza ya skuli ya Kangagani,
dirisha kaliziba kwa kanga na pini nne,
akaniambia: Kaa kitako. Macho kwenye nukta.
Usiiwache nukta hata nzi akikutua puani.

Vibao kumi na viwili vikaizunguka,
kumi na kimoja ndugu wa tumbo moja,
kimoja mtoto wa nje.
Akijitokeza kuume, bonyeza kuume.
Akijitokeza kushoto, bonyeza kushoto.
Hakuna kufaulu, hakuna kuanguka,
kuna soda na nauli.

Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi.

Baadaye akanichorea kichwa changu
nyuma ya daftari la mahudhurio,
njia mbili zinapishana kama ukili:
kionekanacho kuume huvuka, hulala kushoto mwa ubongo,
na huko, kwa watu wengi, ndiko maneno yanakokaa.
Kionekanacho kushoto huvukia ng'ambo ya pili,
nyumba yenye watu lakini haina gumzo.
"Ndiyo maana," akasema, "kibao cha kijani kati ya vya buluu
kuume ulikinasa upesi:
jina lilitangulia mbio, likafungua mlango.
Kijani kati ya vijani, ulikokota.
Na kushoto kwako, karibu yote mamoja."
Kisha, kwa haya, kama mtu anayerudisha chenji:
"Ni tofauti ndogo. Kupepesa jicho ni kurefu zaidi.
Na wengine wamepima, wasiione."

Nilimpenda kwa maneno hayo ya mwisho.

Lakini mimi mtoto wa Bi Time Shaame,
aliyechovya ukindu nyuma ya jiko letu miaka arubaini,
na kwa Bi Time hapakuwa na kijani.
Palikuwa na kisamvu, na kisamvu kilicholala,
na chanikiwiti,
na maji ya mkokoni saa sita,
na moja aliyoiita wivu wa Mize,
jirani yetu, ambaye mpaka anakufa hakujua.
Ungempimaje yeye, Salhina?
Hapo ninapoona mimi shamba moja
yeye aliona viambo, na kila kiambo kina mwenyewe.
Milango mingapi ingefunguka kuume kwake
kabla kidole hakijashuka?

Na bado ile sufuria ya tano.
Mwaka ule paa lilivuja,
manjano ya juzi chini, nili juu, majivu ya vifuu yakamwagikia humo,
ukindu ukatoka na rangi ambayo mama aliitazama
alfajiri, akaitazama adhuhuri,
akaitazama tena kwa kibatari,
na kinywa chake, kinywa kile kilichombatiza hata Mize,
kikabaki wazi hakina kitu.
"Hii?" nikamwuliza.
"Hii nayo," akasema.
Akasuka mkeka mzima.
Mnunuzi kutoka Wete akauliza rangi gani, mama akamjibu:
"Si hiyo unayoiona."
Hakuuuza.

Sasa nautandika kushoto mwa kitanda changu.
Nalala chali, macho kwenye msumari wa boriti,
nauwacha mkeka ukae pembeni mwa jicho, kusiko na gumzo.
Nikigeuka tu kuuangalia
maneno huja mbio kama watoto walioona mgeni:
kijani! hudhurungi! buluu ya zamani!
Wananivuta nguo, kila mmoja anataka kunipeleka kwao.
Kwa hiyo mara nyingi sigeuki.

Nauli yako, Salhina, sikuipandia gari.
Nimekwenda kwa miguu mpaka dukani,
rangi za unga zimepangwa kwenye rafu mpaka juu,
muuzaji akaniuliza: Nikupe ipi?
Nikanyoosha kidole.